Mshahara wa Karani na Debe la Mahindi

Kila mwaka, makadirio ya fedha za kaunti yanapoandaliwa, husikika maneno ya namna mbili. Mkulima aliyelipa sesi ya mahindi yake barabarani, na ushuru wa kibanda sokoni, husema, "Watumishi wa kaunti wanataka nyongeza tena. Mbona hawatosheki?" Naye karani, au mfagiaji wa soko, au muuguzi wa zahanati, hujibu, "Mshahara wangu ni ule ule wa mwaka juzi, lakini unga umepanda, nauli imepanda na karo imepanda. Nimeongezwa nini?" Kila mmoja humwona mwenzake kuwa ndiye anayemlia mali yake.

Maneno yote mawili yana ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo hayawezi kumalizwa kwa kelele. Yaweza kumalizwa kwa hesabu tu, nayo ni hesabu ambayo mtu yeyote ajuaye kujumlisha na kutoa anaweza kuifuata. Katika makala haya nataka kueleza nyongeza ya gharama za maisha ni kitu gani, hupimwaje, hutoka katika mfuko gani, na kwa nini yafaa mkulima na karani wote wawili waijue. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hawakusema juu ya mali ya mtu mmoja tu. Mali ya watu wote huisha upesi zaidi.

NYONGEZA ZA AINA TATU

Kosa la kwanza ni kuziita fedha zote zinazoongezwa katika mshahara kwa jina moja. Zipo nyongeza za aina tatu, na kila moja ina sababu yake. Ya kwanza ni ya ngazi: mtumishi akimaliza mwaka kazini bila doa, hupanda kidato kimoja katika ngazi ya mshahara wake, mpaka afike juu. Hayo ni malipo ya uzoefu. Ya pili ni ya cheo: karani akifanywa karani mkuu hupewa mshahara wa kazi yake mpya. Ya tatu ndiyo nyongeza ya gharama za maisha. Hii haimlipi mtu kwa uzoefu wala kwa cheo. Kazi yake ni kumrudisha pale alipokuwa kabla ya bei kupanda.

Tuchukue mfano. Karani hulipwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Katika mwaka mmoja bei zapanda kwa asilimia 8, yaani kitu kilichouzwa kwa shilingi 100 sasa huuzwa kwa shilingi 108. Ili anunue vitu vile vile alivyonunua mwaka uliopita, karani huyu ahitaji shilingi 32,400. Akipewa hizo 2,400 zilizozidi, hakutajirika hata kwa senti moja. Akipewa asilimia 5 tu, yaani shilingi 1,500, barua ya ofisi itasema ameongezwa mshahara, lakini mkewe akirudi kutoka dukani atasema umepunguzwa. Na mwenye hesabu iliyo sahihi ni mkewe.

Mambo yakienda hivyo miaka mitatu mfululizo, bei zikipanda kwa 8 na mshahara kwa 5 kila mwaka, mshahara huo utafika karibu shilingi 34,730. Kwa macho ni mkubwa kuliko wa kwanza. Lakini dukani hautanunua zaidi ya kile ambacho shilingi 27,600 hivi zilinunua mwanzoni. Mtu huyu amepanda miaka mitatu, na chakula chake kimeshuka miaka mitatu. Ndiyo maana tunasema kwamba nyongeza ya namna hii si zawadi. Ni kutimiza ahadi iliyotolewa siku alipoandikwa kazi, kwamba kwa kazi hii utapata riziki ya kiasi hiki.

KILIO HIKI SI KIPYA

Zamani waajiri wengi katika Kenya waliwapa vibarua wao posho ya unga wa mahindi pamoja na fedha kidogo. Posho ile ilikuwa duni, na hakuna atakayeitamani leo, lakini ilikuwa na jambo moja la kufikiriwa. Bei ya mahindi ilipopanda, ratili za unga alizopimiwa kibarua hazikupungua. Aliyeumia kwa bei ni mwajiri. Posho ilipogeuzwa kuwa fedha, mzigo wa bei ulitoka kwenye bega la mwajiri ukahamia kwenye bega la mfanyakazi. Tangu hapo ikawa lazima kuulizana kila mara: fedha hizi bado zanunua kiasi kile kile?

Swali hilo liliwahi kuulizwa kwa nguvu. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 katika mji wa Mombasa waliacha kazi kwa siku zaidi ya kumi. Baada ya vita vikuu vya pili bei za chakula na nguo, na kodi za vyumba, zilikuwa zimewapita mbali. Jaji Thacker aliwekwa kusikiliza shauri lao, na uamuzi wake ukawapa wengi wao nyongeza. Mwaka 1950 Nairobi ilifanywa jiji, na miaka miwili mitatu baadaye mkaguzi wa afya katika halmashauri ya jiji hilo, kijana aitwaye Tom Mboya, alikishika chama cha watumishi Waafrika wa halmashauri akakigeuza kuwa chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mkaguzi Mwafrika alifanya kazi ile ile ya mkaguzi wa Kizungu, kwa mshahara ulio mdogo mno kuliko wa mwenzake.

Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilitoa taarifa juu ya mishahara ya Waafrika. Iliona kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika makampuni ya watu binafsi, na karibu robo ya wale wa kazi za umma, walipata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya afya na heshima ya mtu. Kamati ilisema pia kwamba mshahara wa chini ulikuwa umepimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na mke, nayo ikashauri upimwe kidogo kidogo kwa mahitaji ya mtu na jamaa yake. Hilo ni fundisho kubwa hata leo. Kabla ya kuuliza bei zimepanda kiasi gani, yapasa kuuliza mshahara ulioanza nao ulikuwa wa kutosha kulisha nani.

Baada ya uhuru mambo yaliendelea kupanda na kushuka. Mahakama ya Viwanda iliundwa mwaka 1964, na kuanzia 1973 ilifuata miongozo ya Serikali ambayo kwa miaka mingi iliruhusu mfanyakazi afidiwe sehemu tu ya kupanda kwa bei. Kisha ukaja mwaka 1993, ambapo bei zilipanda kwa karibu asilimia 46 kwa mwaka mmoja. Mshahara ulionunua magunia mawili ulikaribia kununua gunia moja na kidogo. Mwaka 1994 miongozo ililegezwa, fidia kamili ikaruhusiwa kudaiwa.

KIPIMO: DEBE LISILOBONYEZWA

Kila mkulima anajua hila ya debe lililobonyezwa kitako. Ukiuza kwa debe la namna hiyo, au kwa gorogoro lililopigwa nyundo, huwezi kujua umepewa nini. Hali kadhalika katika mishahara: ikiwa kila upande una kipimo chake, mazungumzo hayatakwisha. Chama cha wafanyakazi kitaleta bei ya kitunguu katika mwezi wa ukame, nayo kaunti italeta bei ya kabichi katika mwezi wa mavuno.

Kipimo kilichokubaliwa katika Kenya ni kile cha Shirika la Kitaifa la Takwimu, linalotangaza kila mwisho wa mwezi hesabu ya bei iitwayo fahirisi. Hesabu hii hufanywa kwa mfano wa kikapu. Wachunguzi waliuliza nyumba nyingi katika mwaka 2015 na 2016 jinsi zinavyotumia fedha zao. Wakapata kwamba katika kila shilingi 100, karibu 33 huenda kwenye chakula na vinywaji visivyo pombe, karibu 15 kwenye nyumba, maji, umeme na gesi, na karibu 10 kwenye usafiri. Zilizobaki huenda kwenye nguo, shule, dawa na mengineyo. Kisha bei za vitu vya kikapu hicho huandikwa kila mwezi madukani na sokoni. Bei za Februari 2019 ziliitwa 100, na za miezi mingine zinalinganishwa nazo.

Hapa msomaji aangalie mambo matatu. La kwanza, alama za fahirisi si asilimia. Fahirisi ikipanda kutoka 120 hadi 126, imepanda kwa alama sita, lakini kwa asilimia tano tu, kwa kuwa 6 ni sehemu ya ishirini ya 120. Watu wazima wamegombana katika mikutano kwa ajili ya kosa hili dogo.

La pili, mfumuko wa bei ukishuka, bei hazikushuka. Mwezi wa Oktoba 2022 bei zilikuwa juu kwa asilimia 9.6 kuliko za Oktoba mwaka uliotangulia. Mwezi wa Oktoba 2024 zilikuwa juu kwa asilimia 2.7 tu. Wengine walisema, "Basi, gharama zimepungua, nyongeza ya nini?" Hasha. Bei zilikuwa bado zinapanda, ila kwa mwendo wa pole, tena juu ya mlima zilioupanda mwanzo. Mtu ambaye hakuongezwa chochote mwaka 2022 hakurudishiwa kitu chake mwaka 2024.

La tatu, kikapu ni cha wastani, na wastani haukai katika nyumba ya mtu yeyote. Mfagiaji wa soko hutumia sehemu kubwa zaidi ya mshahara wake kwa chakula kuliko mkubwa wa idara. Unga ukipanda kwa kasi na magari yasipande, mfagiaji ataumia kuliko fahirisi inavyosema, na mkubwa ataumia kidogo kuliko inavyosema. Kipimo ni halali, lakini anayekitumia hana budi kukumbuka ni nani anayepimwa.

FUNGU SAWA AU ASILIMIA SAWA?

Hilo latufikisha kwenye swali linaloleta magomvi hata miongoni mwa watumishi wenyewe. Je, nyongeza itolewe kwa asilimia moja kwa wote, au kwa fungu moja la shilingi kwa wote?

Tuseme idara moja ina wafagiaji tisa wanaolipwa shilingi 20,000 kila mmoja, na mhasibu mmoja anayelipwa shilingi 100,000. Jumla ya mishahara yao ni shilingi 280,000 kwa mwezi. Bei zimepanda kwa asilimia 6, na fedha zilizopatikana ni asilimia 6 ya jumla hiyo, yaani shilingi 16,800. Tukigawa kwa asilimia, kila mfagiaji atapata 1,200, na mhasibu 6,000. Tukigawa kwa fungu sawa, kila mmoja wa watu kumi atapata 1,680. Kwa mfagiaji hizo ni asilimia 8.4, na kwa mhasibu ni asilimia 1.68 tu.

Mwenye huruma atasema mara moja, fungu sawa ndilo la haki, kwa kuwa gunia la mahindi halimwuzii mhasibu kwa bei nyingine. Naye amesema kweli. Lakini fikiri tena. Ikiwa mhasibu atapunjwa namna hiyo mwaka baada ya mwaka, tofauti baina ya kazi ya elimu na kazi isiyo ya elimu itasinyaa. Mhasibu atakwenda zake kwa kampuni au kwa benki, na vitabu vya kaunti vitashikwa na asiyevijua. Atakayeumia kwanza vitabu vikiharibika ni mfagiaji yule yule, kwa maana mshahara wake ndio utakaochelewa.

Njia ya katikati ni kuwapa wa ngazi za chini asilimia iliyo kamili au iliyozidi kidogo, na wa ngazi za juu asilimia iliyo pungufu, kisha kuitazama tofauti hiyo upya baada ya miaka michache ili isije ikageuka kuwa upunjaji. Kinachohitajiwa ni kwamba sababu isemwe waziwazi na iandikwe. Mtu aweza kuvumilia kupata kidogo akijua kwa nini. Kisichovumilika ni kupata kidogo gizani.

FEDHA ZATOKA WAPI?

Sasa na tumsikilize mkulima, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi. Historia ya serikali za mitaa katika Kenya yatuonya juu ya jambo hili. Mwaka 1969 ilitungwa sheria iliyoziondolea Halmashauri za Kaunti kazi za shule za msingi, afya na barabara, na sehemu kubwa ya fedha ikaondoka pamoja nazo. Baada ya hapo nyingi ziliishi kwa ushuru wa masoko, sesi na leseni, na watumishi wengi walijua maana ya kumaliza miezi bila mshahara. Mwaka 1999 ulianza mfuko wa Serikali uliozigawia serikali za mitaa asilimia 5 ya kodi ya mapato, zikapumua kidogo. Mwezi wa Machi 2013 serikali za mitaa 175 zilifikia mwisho wake, na kaunti 47 zikachukua mahali pao pamoja na watumishi wao.

Chini ya Katiba ya 2010 kaunti zote pamoja zapaswa kupata angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, ikihesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge. Kwa mwaka wa fedha 2023/24 fungu hilo lilikuwa shilingi bilioni 385.4. Hizo ni fedha nyingi, lakini zimefungiwa mipaka. Kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015 zasema mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Sheria ya fedha za umma yasema pia kwamba katika mpango wa miaka kadhaa, angalau asilimia 30 ya makadirio yaende kwenye maendeleo. Kaunti nyingi zimekuwa zikiuvuka mpaka huo wa 35.

Tuone mpaka huo unavyobana. Tuseme kaunti ina mapato ya shilingi bilioni 10. Mpaka wake wa mishahara ni bilioni 3.5. Orodha ya mishahara sasa ni bilioni 3.3. Nyongeza ya asilimia 6 itaifikisha bilioni 3.498. Yamebaki mapengo ya shilingi milioni 2 tu. Wodi mpya ya uzazi ikifunguliwa mwezi ujao, wauguzi wake wataajiriwa kwa fedha gani? Hapo ndipo nyongeza ya mtu aliye kazini inapogongana na kazi ya kijana aliye nyumbani, na dawa ya mgonjwa aliye kitandani. Asiyeuona mgongano huu hajaifikiri nyongeza vya kutosha.

Lakini hoja hii ina upande wa pili. Mara nyingi mpaka wa 35 haukuvukwa kwa sababu ya fidia ya bei ya unga. Umevukwa kwa sababu ya watu walioajiriwa bila mpango, kwa sababu ya marupurupu yaliyoongezwa moja moja bila kuhesabiwa, na kwa sababu ya wafanyakazi hewa, yaani majina yanayopokea mshahara bila kuwa na mikono ya kufanya kazi. Si haki kumwambia mfagiaji aliye hai kwamba hawezi kuongezwa kwa kuwa mwenzake asiyekuwapo ameshalipwa.

NANI HUAMUA?

Katiba iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu. Tume hii hupanga mishahara ya maafisa wa Serikali, na huzishauri Serikali ya Taifa na serikali za kaunti juu ya mishahara ya watumishi wengine wote wa umma. Imeamriwa kutazama kama jumla ya mishahara yaweza kubebwa na hazina, kama kazi za umma zaweza kuvuta na kubakiza watu wenye ujuzi, kama bidii na mazao ya kazi yanatambuliwa, na kama kuna uwazi na haki. Kwa upande mwingine, kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, na haki ya kuingia katika chama na kugoma. Kwa hiyo nyongeza hupatikana kwa mazungumzo baina ya mwajiri na chama, ushauri wa Tume, na kura ya Bunge la Kaunti inayotoa fedha.

Mlango ukiwa na makufuli mengi hivyo, ni rahisi kila mwenye ufunguo kumngoja mwenzake. Mwezi wa Julai 2024, baada ya Mswada wa Fedha wa mwaka huo kuondolewa kufuatia maandamano ya vijana, Tume ilisimamisha nyongeza za maafisa wa Serikali zilizokuwa zianze kulipwa. Wengi waliona hilo ni jambo la busara kwa walio juu. Lakini kwa mtumishi mdogo, kungoja ni hasara ambayo haionekani katika daftari. Usipoziba ufa utajenga ukuta: fidia isiyolipwa kwa miaka mitatu hurudi kama mgomo, na hudaiwa kwa mkupuo mmoja ambao hakuna bajeti iliyojiandaa kwa ajili yake.

Ziko nchi zilizochoka na mabishano ya kila mwaka zikaamua kuuacha uamuzi kwa kipimo chenyewe. Katika Ubelgiji, fahirisi ikivuka alama fulani iliyowekwa, mishahara ya watumishi wa umma hupanda kwa asilimia 2 bila kikao wala mgomo. Jambo hilo lilitokea mara kadhaa katika mwaka 2022. Wao wametoa tumbaku, pombe na petroli katika fahirisi wanayotumia kwa kazi hiyo. Italia nayo ilikuwa na utaratibu wa namna hiyo baada ya vita vikuu vya pili, lakini watu wakaulaumu kwamba mishahara ilikimbiza bei, na bei zikakimbiza mishahara. Ukaondolewa mwaka 1992. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kwa kaunti ambayo mapato yake yategemea fungu la Nairobi linalochelewa mara kwa mara, kuweka ahadi isiyo na mpaka kungekuwa hatari. Tunaloweza kuazima kwa Wabelgiji ni hili: kipimo kijulikane mapema, na kisibadilishwe wakati wa kupima.

NA MKULIMA JE?

Msomaji mkulima ataniuliza, "Tume yangu iko wapi? Mbolea ikipanda, ni nani anayenifidia?" Swali hili ni la haki. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ulikuwa umepita shilingi 6,000 sokoni, mpaka Serikali ilipoanza mwezi wa Septemba kuuza wa ruzuku kwa shilingi 3,500, na mwaka uliofuata kwa 2,500. Ruzuku hiyo ilikuwa fidia ya gharama za maisha kwa mkulima, ingawa haikuitwa kwa jina hilo. Nayo, kama mshahara, ilitoka katika mfuko wa wote.

Wengine hudhani kwamba bei ya mahindi ikipanda mkulima hucheka na karani hulia. Mara nyingi si hivyo. Mkulima mwenye shamba dogo huuza mavuno yanapokuwa mengi na bei iko chini, apate karo. Kisha katika miezi ya njaa hununua gorogoro kwa bei ile ile anayonunua karani. Na karani naye, mara nyingi sehemu ya mshahara wake huenda kwa wazazi walio shambani. Debe moja la mahindi lawapima wote wawili. Karani akilipwa vizuri na kwa wakati, atanunua maziwa, mayai na mboga za mkulima; karani akidaiwa dukani, mkulima hatauza. Na mkulima akipigwa ushuru usiovumilika ili kumlipa karani, hatapanda, na mwakani hakutakuwa na mahindi wala ushuru.

YANAYOFAA KUFANYWA

Kwa hiyo naona yako mambo manne yanayowezekana katika kaunti yoyote, bila sheria mpya.

Kwanza, kipimo kiwe kimoja, fahirisi iliyotangazwa, na mwezi wa kulinganisha uandikwe katika makubaliano. Ikiwa ni Desemba kwa Desemba, basi iwe hivyo kila mwaka, asichague mtu mwezi unaompendeza.

Pili, mazungumzo yaanze mapema. Mpango wa fedha wa kaunti hufikishwa mbele ya Bunge la Kaunti kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio kabla ya mwisho wa Aprili. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Chama kinacholeta madai mwezi wa Juni kimefika mezani vyombo vikiwa vimeoshwa.

Tatu, wa chini wafikiriwe kwanza, na sababu isomwe hadharani.

Nne, orodha ya mishahara isafishwe kabla ya kuongezwa. Kila jina lionyeshe mtu, kila mtu aonyeshe kazi. Fedha zitakazookolewa hapo zaweza kulipa fidia ya mwaka mzima pasipo kumgusa mkulima.

Kwa mkulima nasema, nenda katika mkutano wa wananchi wa makadirio ya fedha, na usiulize tu, "Kwa nini mnawaongezea?" Uliza, "Mnawalipa wangapi, na wanafanya kazi gani?" Swali hilo la pili lina faida zaidi. Na kwa wenzangu makarani nasema, tudai haki yetu kwa hesabu iliyo safi, kisha tuufungue mlango wa ofisi saa mbili kamili. Mkulima aliyetembea maili tano kuja kulipia leseni, akakuta kiti kitupu na koti limetundikwa, hawezi kuaminishwa kwa fahirisi yoyote kwamba mwenye koti lile anastahili kuongezwa hata shilingi moja.